Wanafunzi wanaogopa wodi ya akili, na sisi ndio tunawafundisha

Kila inteki mpya ya wanafunzi ikifika kwetu swali la kwanza ni lile lile, na halihusu dawa. “Sista, hawa hupigaga watu?” Wanauliza wakiwa wamejazana mlangoni, mabegi wameyakumbatia kifuani, na lazima kuna mmoja ambaye mguu wake mmoja bado uko nje. Sasa hawa ni watu ambao wameshaosha maiti, wameshapokea watoto leba, wodi ya upasuaji wamefunga vidonda ambavyo harufu yake unakutana nayo getini, na sijasikia hata mmoja akiuliza kama mgonjwa wa kidonda hupiga. Na mtu wa kidonda anaweza kukurushia teke zuri sana, waulize wenzangu wa huko. Lakini ukitaja skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti ambazo hazipo na kuamini mambo ambayo si kweli, kwanza waonyeshwe mlango wa kutokea uko wapi.

Mimi ni nesi wa akili kwenye hospitali moja ya rufaa huku mashariki ya Uganda. Nilikulia barracks kwa hiyo Kiswahili ndio cha nyumbani, na hata wodini ndicho kinachotuokoa maana siku moja unaweza kuwa na Mgisu, Mteso, Msamia, Mjapadhola na dereva wa trela aliyeshushwa pale mpakani Malaba, wote chumba kimoja. Wanafunzi wanaletwa kwetu wiki chache tu, wa unesi wa cheti, wa diploma, klinikal ofisa, mara moja moja hata hawa wa udaktari, alafu wanaondoka na wengi wao hawatakanyaga wodi ya akili tena maisha yao yote. Lakini wagonjwa wangu watawakuta huko mbele. Watawakuta kliniki ya wajawazito, watawakuta maabara, dirisha la dawa, kezhualti kwenye wagonjwa wa dharura saa nane za usiku. Ndio maana nasumbuka nao.

Watu wanapenda kusema unyanyapaa ni mambo ya kijijini, ya wale ambao hawakusoma, wale wa “amelogwa” na “mizimu ya ukoo imemkalia”. Sawa, upo huko, sikatai. Wanafunzi wetu wanatoka huko huko, wamekua wakimkimbia yule mtu wa sokoni aliyevaa magunia, na wamekua na utani wa Butabika, hospitali iliyofunguliwa Kampala 1955 na ambayo mpaka leo ndiyo hospitali ya rufaa ya taifa kwa magonjwa ya akili, lakini midomoni mwa watu imebaki tusi, ukisahau simu kwenye boda tu mtu anakwambia nauli ya Butabika nitakulipia. Ukimvalisha huyo mtu yunifomu ya unesi hujafuta chochote. Hiyo nakubali. Kinachonikera ni kwamba tunaishia hapo, tunalaumu kijiji alafu tunajisahau sisi wenyewe. Mwaka 2006 ulitoka utafiti wa Uswisi uliowalinganisha wahudumu wa afya ya akili na wananchi wa kawaida, na mawazo mabaya kuhusu wagonjwa yalionekana zaidi kwa madaktari wa akili kuliko hata kwa raia wa barabarani, na kwenye ile hali ya kutaka kukaa mbali na mtu mwenye skizofrenia, wataalamu na raia walikuwa hawapishani. Hao ni watu ambao digrii zimejaa ukuta mzima. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba dawa ya unyanyapaa ni kusoma zaidi.

Angalia tu tunavyowapokea. Siku ya kwanza moja kwa moja upande wa akyuti, wale waliofika jana na juzi. Mwanafunzi anamkuta mtu ambaye hajalala siku kadhaa, ameletwa na kaka zake akiwa amefungwa kamba nyuma ya pikapu ya polisi, anabishana na watu ambao hawaonekani, suruali imelowa mkojo. Nesi anawatembeza anasema huyu rilapsi, ugonjwa umemrudia, huyu wa bangi, huyu wa mairungi, yale majani ya kutafuna, yule pale mchunge. Kisha wanaonyeshwa saidi rumu, ile ya kufungia mtu akichafuka, na inaelezwa huku watu wakitembea, hakuna anayesimama. Yule wa kamba akianza kupata nafuu, ameoga, anauliza nani anakamua ng'ombe wake, ndio hapo daktari anamruhusu aende nyumbani. Mwanafunzi hamuoni tena. Kichwani anabaki na wa kamba.

Watafiti wawili wa Marekani, Patricia Cohen na Jacob Cohen, waliliandika hili tatizo 1984. Mhudumu anawaona wale wanaoumwa muda mrefu na wanaorudi rudi, wenye nafuu hawaji kukaa wodini, kwa hiyo anaanza kuamini ugonjwa wote uko hivyo. Shirika la Afya Duniani lilisema 2022 kwamba skizofrenia inampata kama mtu 1 kati ya 300, watu milioni 24 hivi duniani, na kwamba angalau mmoja kati ya watatu anaweza kupona kabisa. Nikiwaambia wanafunzi hiyo ya mwisho wananitazama kwa adabu tu, kwa sababu mbele yao hakuna hata mmoja aliyepona, na macho yanashinda takwimu siku zote.

Alafu wanasikia tunavyoongea. Wanasikia dirisha la dawa mtu akitangaza kwa sauti ya mnada, “wale wa dawa za akili mkae upande ule!”, na mama mmoja mwenye gomesi safi, ambaye alikuwa anaongea vizuri na jirani yake kuhusu bei ya mahindi, anainuka anahamia upande ule na jirani anavuta mkoba wake karibu. Sheria tunayo, ya Afya ya Akili ya 2018, iliondoa ile ya zamani ya enzi za mkoloni, na inazungumza juu ya haki za mgonjwa na kutobaguliwa. Iko ofisini kwa inchaji, mkuu wa wodi, ndani ya folda. Mwanafunzi hajifunzi kutoka folda, anajifunza kutoka dirisha la dawa.

Niwape mfano mmoja wa kitu ambacho wanakiona kila siku na hawakielewi. Kulikuwa na kijana koridoni, anatembea anakwenda anarudi, akisimama miguu inapiga tu pale pale, kushoto kulia kushoto kulia. Mwanafunzi ameshaandika kwenye faili kwamba mgonjwa ni msumbufu, hatulii, anaweza kuwa hatari. Nikamwambia hebu nenda kamuulize. Akaniangalia. Nimuulize nini? Muulize miguu yake inasikiaje. Akaenda, polepole, akasimama mbali kidogo, akauliza, na yule kijana akajibu bila kuacha kutembea, “Haitaki kukaa, musawo,” yaani daktari. “Nikiilazimisha kukaa nasikia nife.” Ile haikuwa skizofrenia, ilikuwa haloperidoli. Dawa hizi za zamani, haloperidoli, klopromazini, hata ile sindano ya kila mwezi, zinaweza kukaza shingo ya mtu, kuvuta macho juu, kutoa udenda, kumfanya atembee mikono imekakamaa, na nyingine ndio hii ya miguu kukataa kukaa, inatesa vibaya mno. Daktari akapunguza dozi akaongeza propranololi, na kijana baada ya muda akaweza kukaa akala chakula chake chote. Sasa piga hesabu, ni wanafunzi wangapi wamemaliza kozi wakiamini ule udenda na ule mwendo wa kukakamaa ndio sura ya wazimu, kumbe ni sisi tumeuweka na dawa yetu? Na mtu akiacha dawa tunasema hana insaiti, hajui kama anaumwa, mkaidi.

Kuhusu bangi na mairungi nisikae sana. Ndiyo, kuvuta bangi sana ukiwa mdogo kunaongeza hatari, hilo linajulikana. Lakini kila kijana wa kiume akiingia wodini kabla hajaulizwa jina ameshaandikiwa bangi, na mama yake amekaa pale anaapa kwa Mungu mtoto hajawahi hata sigara. Ugonjwa wenyewe kwa kawaida unaanza umri huo huo, mwisho wa ujana na miaka ya ishirini na kitu, na kwa wanaume unawahi kidogo. Umri ule ule wa wanafunzi wetu. Hili nawaambia waziwazi, kwamba kwa idadi yenu shuleni kwenu kuna uwezekano mkubwa mmoja wenu ataugua, au ameshaanza na anaficha, na anasikiliza mnavyocheka. Hapo huwa wanaacha kuchati.

Sasa, darasani tulikuwa na imani kwamba ukimweleza mtu kuwa huu ni ugonjwa wa ubongo basi unyanyapaa unaisha. Dopamini, jeni, picha za ubongo zenye rangi rangi kwenye projekta. Kuna faida yake, sikatai, mwanafunzi anaacha kumlaumu mgonjwa na mama yake na jirani mchawi. Lakini uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2013 ulionyesha upande wa pili wa hiyo maelezo, kwamba lawama zinapungua ila watu wanakata tamaa zaidi kuhusu kupona, na wanaweza kumuona mgonjwa ni mtu wa hatari. Mimi nimeyasikia haya kwa masikio yangu kwenye benchi nje ya darasa, mwanafunzi mmoja anamwambia mwenzake, “kumbe iko kwa jeni, basi huyo hawezi kupona, ni kumuonea huruma tu.” Huruma ya hivyo siitaki. Ukimhurumia mtu kiasi hicho huwezi hata kumuuliza anataka kufanya kazi gani akitoka.

Kuna lile zoezi pia la sauti. Pat Deegan wa Marekani, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe aliambiwa ana skizofrenia akiwa bado kijana, alitengeneza mafunzo ya kumvalisha mwanafunzi vifaa vya masikioni asikie sauti zinamsema vibaya huku anapewa kazi za kufanya. Sisi hatuna vifaa, tunatumia midomo. Wawili wanamkalia mwenzao huku na huku wanamnong'oneza, mmoja anamtukana mmoja anamtisha, na wa tatu yuko mbele anamuuliza maswali ya kawaida, leo tarehe ngapi, mia toa saba ni ngapi, endelea kutoa saba. Ukiona mtu ambaye alipata distingsheni ya hesabu anashindwa kutoa saba kwa themanini na sita ndio unaelewa tunawadai nini wagonjwa wetu kila asubuhi. Zoezi linawagusa, wengine wanatoka macho mekundu. Ila tafiti za hii kitu zina onyo, kwamba huruma inapanda na ile hamu ya kukaa mbali nayo inaweza kupanda, mtu anasema kama ndani ya kichwa ni hivi basi mimi sisogei karibu. Kwa hiyo silitumii peke yake, na silifanyi siku ya kwanza.

Ambacho nimeona kinafanya kazi kweli kweli ni fundi baiskeli.

Ni mgonjwa wetu wa miaka mingi, anakuja kuchoma sindano yake ya kila mwezi na kitabu chake cha mazoezi cha shule ambacho ndio faili lake, kona zimejikunja zote. Ana mke, ana watoto, ana kibaraza chake cha ufundi. Kabla yake tulikuwa tumemleta mtu mwingine kuongea na wanafunzi, msomi, suti, Kiingereza kinateleza, alieleza vizuri ajabu jinsi alivyougua na kupona, wanafunzi walipiga makofi, alafu nje nikasikia “huyo hakuwa na skizofrenia ya ukweli, lazima walikosea.” Unaona? Aliyepona sana wanamtoa kwenye kundi, na kundi linabaki na sura ile ile. Fundi huwezi kumtoa. Sauti bado anazisikia, mkono unatetemeka kidogo, na jioni anarudi nyumbani na hela ya unga.

Alipokubali kuja alisema ana gurudumu la mteja anatakiwa kulimaliza siku hiyo hiyo, nikamwambia njoo nalo. Tukaweka benchi duara chini ya mti, na mimi nilikataa makoti meupe siku hiyo, wote wakae benchi zile zile. Fundi akalishika lile gurudumu, akalizungusha, rimu inayumba, akaanza kukaza spoku na kile kifunguo kidogo cha duara huku anaongea. Mwanafunzi wa kwanza aliuliza kama anavyouliza kitabu, je, mzee, hizo sauti zinasema nini. Fundi hakuinua kichwa. “Saa zingine zinaniambia hiyo spoku umekaza vibaya.” Akazungusha gurudumu, akalitazama. “Na saa zingine ni kweli.”

Walicheka mpaka wagonjwa wa dirishani nao wakaanza kucheka. Baada ya hapo maswali yalitoka yenyewe. Unajuaje kama ni sauti au ni mtu anakuita? Namtazama mke wangu, kama hajageuka basi hakuna mtu. Zikizidi unafanya nini? Naongeza redio, na zikishinda redio nakuja kwa Sista kabla ya tarehe. Binti mmoja akaomba ashike gurudumu, akamfundisha kuweka kidole karibu na rimu bila kuigusa ili aone pale inapoyumba, na kwa dakika kadhaa hapo hakuna aliyekuwa anaongea skizofrenia, wote wameinama wanatafuta spoku iliyolegea.

Alafu akawaambia jambo ambalo mimi nisingeweza kuwafundisha. Kwamba siku aliyolazwa nesi alimuuliza mke wake, anakula? analala? anaoga? “Na mimi niko hapo hapo, wanangu, mdomo ninao.” Alisema bila hasira. Siku zilizofuata niliona wanafunzi wanavuta kiti wanakaa, wanamuuliza mgonjwa kwanza, anayemuuguza baadaye. Kitu kidogo, lakini nilikuwa nimekihubiri miaka na hakikushika.

Wenye vitabu hili wanalijua zamani. Gordon Allport, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika 1954 kwamba watu wa makundi mawili wakikutana chuki inapungua, ila kwa masharti, wawe na hadhi sawa hapo walipo, wafanye kitu pamoja, wawe na lengo moja, na wakubwa wawe wanaunga mkono. Wodini kwetu mwanafunzi na mgonjwa wanakutana kila siku na hakuna sharti hata moja linalotimia, mmoja ana funguo mwingine anafunguliwa. Patrick Corrigan na wenzake nao 2012 walikusanya tafiti 72 kutoka nchi 14 na wakakuta kwa watu wazima kukutana na mwenye ugonjwa uso kwa uso kunabadilisha mawazo kuliko kufundishwa. Na hata kwetu si jambo geni, Butabika kwa ushirikiano wao na watu wa afya ya akili wa East London, Uingereza, wamewatumia watu waliougua kuwasaidia wenzao. Tume ya jarida la Lancet kuhusu unyanyapaa, 2022, mmoja wa wenyeviti wake wawili alikuwa Charlene Sunkel wa Afrika Kusini ambaye mwenyewe anaishi na skizofrenia. Elyn Saks ni profesa wa sheria Marekani, skizofrenia anayo. Huwa nawatajia wanafunzi hao wawili, wanaandika kwenye daftari. Fundi hawakumuandika, walimshikia gurudumu.

Fundi aliweka sharti moja, hakuna picha na hakuna kusema kibaraza chake kiko wapi, kwa sababu wateja hawajui. Mwanafunzi mmoja akaona ni ajabu, mbona unaongea vizuri hivi na bado unaficha? Nikawasomea matokeo ya utafiti mkubwa wa 2009, uliwahoji watu wenye skizofrenia katika nchi 27, asilimia 72 walisema wanaona lazima waufiche ugonjwa wao, na asilimia 64 walikuwa wameacha hata kuomba kazi au masomo kwa kuogopa watakavyochukuliwa, yaani hawajakataliwa bado, wamejikataa kabla. Fundi akasema mimi ningewaambia wateja, lakini nani atapanda baiskeli iliyotengenezwa na mimi akiteremka mlima Wanale? Hakuna aliyemjibu haraka, na wengine niliona wanajiuliza kweli kama wangepanda.

Sasa kuna sehemu ambayo unyanyapaa unaacha kuwa maneno na unaua mtu, na hii ndio ningependa walimu wa vyuo vyote waitie kwenye mitihani. Mama mmoja, mgonjwa wetu wa zamani, aliletwa OPD, kwenye wagonjwa wa nje, na dada yake analia tumbo. Aliyekuwa anapokea akafungua kitabu chake, akaona mihuri ya kliniki ya akili, akawaelekeza kwetu bila kumgusa. Wakavuka kiwanja chote kuja kwetu, yule mama anatembea amejikunja. Wa kwetu wa zamu naye anaanza na maswali yake, unasikia sauti, dawa umeacha lini, na mama anajibu kila kitu anasema ni tumbo, tumbo, tumbo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili, mnyamavu ambaye hata jina lake nilikuwa nalichanganya, akamuomba alale kitandani akaweka mkono tumboni. Gumu kama ubao. Akaja mbio. Ilikuwa taifodi imetoboa utumbo, wakampeleka tieta kupasuliwa usiku ule ule na akaishi. Wagonjwa wenye skizofrenia wana uwezekano mara mbili hadi tatu zaidi wa kufa mapema kuliko watu wengine, na mara nyingi kinachowaua ni moyo, sukari, maambukizi, vitu ambavyo mtu yeyote angepimwa. Wao hawapimwi, kila kinachouma kinaandikwa ni akili.

Kwa hiyo mtihani wa vitendo wa mwaka huu nimeomba stesheni moja iwe hivi: mgonjwa ana skizofrenia, anatumia sindano, yuko imara, amekuja kwa sababu kifua kinabana. Basi. Atakayeanza na “unasikia sauti?” na asipime presha, amefeli stesheni. Wenzangu wengine walisema ni mtego. Mimi naona hata kezhualti atakutana nao, na huko hakuna wa kumpa sapu, mtihani wa kurudia.

Kinachonitia wasiwasi ni baada ya hapo. Wanafunzi wakitoka kwetu wako vizuri, unawaona, alafu wanapelekwa wodi nyingine ambako sista mkubwa anamuona mgonjwa wetu mlangoni anasema “leo Butabika wamefungua geti”, na kila mtu anacheka, na mwanafunzi aliyeshika gurudumu anacheka pia kwa sababu ripoti yake ya rotesheni inasainiwa na huyo huyo. Nilichojaribu ni kuwaambia wawili wawili wakumbushane, na wanitumie ujumbe WhatsApp wakiona mgonjwa wetu anarudishwa rudishwa. Wengine wanatuma. Yule mnyamavu anatuma sana. Lakini hii kazi inatakiwa iwafikie mainchaji wa wodi zote na wafamasia wa dirishani, sio wanafunzi peke yao, na hao mainchaji hawajawahi kuniita.

Na kuna suala la pesa, samahani lakini lazima nilitaje. Mgeni akitoka Kampala kuja kutoa mada ya saa moja analipwa posho, analala hoteli, anapewa na chai ya maziwa. Fundi aliacha kazi nusu siku akapewa soda na mandazi mbili. Chuo kimoja kinacholeta wanafunzi kwetu niliwaandikia barua, nikaambiwa bajeti haina kipengele cha mgonjwa. Nikasema hajaja kama mgonjwa, siku hiyo hakuchoma hata sindano, amekuja kufundisha. Tumevutana mpaka sasa wamekubali transipoti tu, na mimi naendelea kuvutana.

Inteki inayokuja fundi amesema atakuja. Ila isiwe siku ya soko, na asubuhi ndio nzuri kwake, na safari hii hataki kuja na gurudumu la mteja kwa sababu lile la mara ya kwanza ilibidi alirudie nyumbani, mikono ya wanafunzi ilikuwa mingi mno. Anataka waje na baiskeli zao mbovu.